Takwimu za Afya na Uamuzi: Tafiti za Teknolojia ya Dijitali Afrika Mashariki

Takwimu za afya huanza pale mgonjwa anapoketi mbele ya mhudumu na jina lake kuandikwa. Katika zahanati ya Tanzania Bara, mgonjwa wa nje huandikwa katika kitabu cha MTUHA namba 5, mjamzito anayehudhuria kliniki huandikwa katika namba 6, na mama anayejifungua katika namba 12. Kila mstari una umri, jinsi, makazi, tatizo, kipimo na dawa. Mwisho wa mwezi mhudumu huyohuyo, ambaye pengine ndiye anayezalisha, anayechanja na anayegawa dawa, huhesabu mistari hiyo kwa vijiti, vinne vimesimama na cha tano kinavikata, kisha huhamishia jumla katika fomu inayopelekwa wilayani. Teknolojia ya dijitali katika afya, hata iwe na jina kubwa kiasi gani, imejengwa juu ya mstari huo wa rejista. Ukikosewa pale, kompyuta ya wizara haina namna ya kuusahihisha.

Watafiti wa eneo hili hurudi kwenye maswali matatu yanayofuatana. Je, takwimu ni sahihi na zimefika kwa wakati? Je, zimemfikia mtu mwenye uwezo wa kuamua jambo? Na alipoamua, je, afya ya watu ilibadilika? Mifumo mingi huishia kwenye swali la kwanza na kujipongeza. Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na tafiti kadhaa zilizofika hadi la tatu, na majibu yake hayafanani.

Kutoka rejista hadi seva

MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulisambazwa Tanzania Bara katika miaka ya 1990 ukiwa mfumo wa karatasi. Karatasi zilipanda ngazi: zahanati, wilaya, mkoa, wizara. Zilipofika juu, miezi ilikuwa imepita, na aliyezijaza hakuwa akirudishiwa neno.

Programu iliyobadilisha hali hiyo ina asili yake Afrika Kusini. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, nchi hiyo ilirithi idara za afya zilizogawanywa kwa misingi ya rangi, kila moja na fomu zake. Watafiti na wanaharakati wa afya wa Cape Town, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwei, walitengeneza programu ya kukusanya takwimu chache za lazima katika ngazi ya wilaya. Kizazi chake cha pili, DHIS2, hufanya kazi kupitia mtandao, ni cha bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuurekebisha. Kenya ilianza kukitumia nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikakisambaza katika mikoa yake hadi mwaka 2013. Leo programu hiyo inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Mtandao uliondoa ucheleweshaji wa safari ya karatasi, lakini haukuondoa kazi ya kuhesabu vijiti. Katika vituo vingi takwimu bado huandikwa kwanza kitabuni, kisha kwenye fomu, na ndipo mtu wa wilaya anaziingiza kwenye mfumo. Kila hatua ni nafasi ya kukosea. Tatizo jingine liko kwenye kigawanyo. Ili kujua asilimia ya watoto waliochanjwa, lazima ijulikane idadi ya watoto wote wa eneo, na idadi hiyo hukadiriwa kutokana na sensa. Kadiri sensa inavyozeeka ndivyo makadirio yanavyopotoka, hasa kwenye miji inayokua haraka. Ndiyo maana hutokea wilaya ikaripoti kiwango cha chanjo kinachozidi 100%. Wachanjaji wanaweza kuwa wamehesabu vizuri kabisa. Waliokosewa ni watoto wasiokuwamo kwenye makadirio, au waliovuka mpaka wa wilaya kufuata huduma.

Rufiji na Morogoro: takwimu zinapokutana na bajeti

Mfano ulio maarufu zaidi wa takwimu kubadili uamuzi ulitokea kabla simu za kiganjani hazijaenea. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la IDRC la Kanada ziliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walipita kaya kwa kaya wakiandika vizazi, vifo na uhamaji. Palipotokea kifo, ndugu walihojiwa kwa utaratibu maalumu juu ya dalili za marehemu, na madaktari wakakadiria chanzo. Njia hiyo ilikuwa ya lazima kwa sababu watu wengi hufia nyumbani, na rejista ya hospitali haiwajui.

Takwimu hizo zilipowekwa kando ya bajeti, pengo lilionekana bila kuhitaji utaalamu. Malaria ilibeba takriban 30% ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali ilitengewa kama 5% ya fedha. Timu za afya za wilaya zilipewa michoro inayoonyesha mzigo wa kila ugonjwa na mgawo wa fedha kwa pamoja, zikapewa pia nyongeza ndogo ya fedha na uhuru wa kuipanga. Zikaelekeza fedha kwenye vyandarua, tiba ya malaria na utaratibu wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja. Katika miaka michache vifo vya watoto katika wilaya hizo vilishuka kwa zaidi ya 40%. Si haki kuyahesabia yote kwa michoro: vyandarua vilikuwa vinaenea, na mafunzo ya wahudumu yalikuwa na mchango wake. Lakini mradi ulithibitisha kwamba mganga mkuu wa wilaya, akipewa takwimu anazozielewa na fedha anazoweza kuzihamisha, huzitumia zote mbili.

Dawa, ujumbe mfupi na ramani

Mwaka 2009 simu za kiganjani zilikuwa zimefika hata kwenye zahanati zisizo na umeme. Mradi wa SMS for Life, ulioshirikisha wizara na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, ulijaribiwa katika vituo 129 vya wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Tatizo lilikuwa la zamani: mtoto anafikishwa zahanati na homa, kipimo kinaonyesha malaria, na dawa mseto imekwisha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila Alhamisi ujumbe ulifika kwenye simu ya mhudumu kumtaka ahesabu akiba ya dawa tano: pakiti nne za dawa mseto, kila moja kwa uzito wake wa mgonjwa, na kwinini ya sindano. Mhudumu alijibu kwa ujumbe wa bure, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio. Asiyejibu alikumbushwa. Hesabu zote ziliingia kwenye tovuti yenye ramani ambayo mganga mkuu wa wilaya aliweza kuifungua.

Katika wiki 21, vituo vilivyojibu vilikuwa kwa wastani 95%. Vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa vilishuka kutoka 78% wiki ya kwanza hadi 26% wiki ya mwisho. Lindi Vijijini ilimaliza kabisa tatizo hilo kufikia wiki ya nane. Tofauti kati ya wilaya ina somo. Mara nyingi dawa zilikuwamo ndani ya wilaya, ila zimelundikana katika kituo kimoja huku cha jirani kikiwa kitupu. Pale uongozi ulipotuma gari kuhamisha maboksi, upungufu uliisha. Ramani ilionyesha mahali pa kwenda. Kwenda kulihitaji mafuta, dereva na mtu wa kutoa amri.

Simu ya mgonjwa

Tafiti nyingine zilimfuata mgonjwa mwenyewe. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watu wazima 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu za Kenya, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilitumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama “Sawa” ama “Shida”. Aliyejibu “Shida”, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa, hivyo hata ukisomwa na mwenza au jirani haukufichua kitu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa 62% katika kundi la ujumbe, dhidi ya 50% katika kundi la kawaida. Waliofubaza virusi walikuwa 57% dhidi ya 48%. Kwa huduma yenye gharama ya ujumbe mfupi, hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo, watafiti walipoutumia utaratibu huohuo kwa watu 700 wa makazi duni ya Nairobi waliokuwa wameanza tu kuhudumiwa, wakipima kama wangebaki kliniki kwa mwaka mzima, hawakupata tofauti yoyote ya maana. Ujumbe unaomsaidia mtu kukumbuka dawa si lazima umsaidie asiye na nauli, au aliyerudi kijijini.

Utafiti wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2012 unaonyesha mpaka huo kwa uwazi zaidi. Wajawazito 2,550 wa vituo 24 vya Unguja walifuatiliwa. Nusu ya vituo viliwapa wajawazito ujumbe wa simu na vocha za kumpigia mkunga. Katika vituo hivyo 60% walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi, dhidi ya 47% katika vituo vingine. Takwimu zilipochambuliwa kwa makazi, faida yote ilikuwa ya wanawake wa mjini. Kwa wa shamba haikuonekana. Wastani peke yake ungelificha jambo hilo, na mpangaji angedhani simu zimewafikia wote.

Kishikwambi mezani kwa tabibu

Kundi jingine la tafiti linahusu zana za kumwongoza tabibu wakati anamhudumia mgonjwa. Vipimo vya haraka vya malaria viliposambaa, ilibainika kwamba watoto wengi wenye homa hawana malaria. Tabibu asiye na maelezo mengine aliandika dawa za antibiotiki, na matumizi ya ovyo ya dawa hizo huwapa vijidudu usugu.

Zana iitwayo ePOCT+ ilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro kati ya mwisho wa mwaka 2021 na mwaka 2022, ikihusisha watoto wa chini ya miaka 15. Katika vituo 20, tabibu aliingiza dalili kwenye kishikwambi, programu ikamwelekeza vipimo vya kufanya, vikiwemo kupima oksijeni kwa kibanio cha kidole na kupima tone la damu kwa dalili za maambukizi makali, kisha ikapendekeza matibabu. Vituo vingine 20 viliendelea na utaratibu wa kawaida. Antibiotiki ziliandikwa katika 23.2% ya mahudhurio ya vituo vyenye zana, dhidi ya 70.1% katika vituo vingine. Watoto ambao hawakupata nafuu hadi siku ya saba walikuwa takriban sawa pande zote mbili, chini kidogo ya 4%. Matokeo hayo yana uzito kwa sababu yalipima usalama pamoja na akiba ya dawa. Ifahamike pia kwamba kishikwambi hakikwenda peke yake: kulikuwa na vipimo, mafunzo, na wasimamizi waliopitia takwimu pamoja na matabibu.

Mienendo ya watu na malaria

Simu huacha takwimu hata mwenyewe asipotuma ujumbe wa afya. Kila anapopiga, mnara uliomhudumia hubaki katika kumbukumbu za kampuni. Mwaka 2009, Andrew Tatem na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miezi mitatu za wateja 770,369 wa kampuni ya Zantel, zikiwa zimeondolewa majina. Swali lao lilikuwa la Zanzibar: visiwa vikishusha malaria hadi karibu na sufuri, ni nani atakayeirudisha? Safari nyingi kwenda Bara zilikuwa fupi na za Dar es Salaam, penye maambukizi kidogo. Hatari kubwa ilibebwa na wasafiri wachache waliokaa muda mrefu kwenye mikoa yenye malaria nyingi.

Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha uchambuzi kama huo wa Kenya, uliotumia kumbukumbu za mwaka mmoja za wateja karibu milioni 15. Ulionyesha njia ambazo vimelea husafirishwa kutoka eneo la Ziwa Victoria kuelekea Nairobi na kwingineko. Ramani za namna hiyo husaidia kuchagua mahali pa kuzuia. Udhaifu wake ni kwamba zinaona wenye simu tu, na mwenye simu si mwakilishi wa kila mtu: katika miaka hiyo wanaume, wasomi na watu wa mjini walikuwa wengi zaidi miongoni mwao.

Zanzibar imekwenda hatua moja mbele kwa kufuata kila mgonjwa. Tangu mwaka 2008 vituo vilianza kuripoti malaria kwa simu, na baadaye taarifa ya kila mgonjwa ikawa inafika kwa ofisa wa ufuatiliaji wa wilaya. Ofisa huyo huenda kituoni, kisha nyumbani kwa mgonjwa akiwa na kishikwambi na vipimo, huuliza kuhusu safari, na kuwapima wanakaya. Rekodi moja inazaa ziara moja.

Akili unde na upungufu wa takwimu

Programu zinazojifunza kutokana na takwimu zimeingia hospitalini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kusoma picha za eksirei ya kifua zitumike kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mahali penye mashine ya eksirei lakini pasipo na daktari wa kuisoma, faida yake ni dhahiri. Hata hivyo programu hutoa alama tu, na kila nchi lazima ipime kwa wagonjwa wake ni alama ipi inatosha kumpeleka mtu kwenye kipimo cha makohozi.

Hatari yake imeelezwa vizuri na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019. Programu iliyotumiwa kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada ilikadiria uhitaji kwa kuangalia gharama za matibabu ya nyuma. Wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa uleule, hivyo programu iliwaona wazima kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kosa hilo likirekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaochaguliwa ingepanda kutoka 17.7% hadi 46.5%. Hakuna aliyeandika rangi ya ngozi kwenye programu. Upendeleo ulikuwa ndani ya takwimu. Vifaa pia vina kasoro ya namna hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipima oksijeni cha kidole hukosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu zaidi ya kwa weupe. Zana inayotegemea kipimo hicho Afrika inahitaji kuhakikiwa Afrika.

Siri ya mgonjwa

Rejista ya karatasi ikipotea hupotea moja. Seva ikivujisha huvujisha wilaya nzima. Kuondoa majina hakutoshi. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsi na namba ya posta vingeweza kumtambulisha kwa upekee mtu mmoja mmoja kwa 87% ya wakazi wa Marekani. Katika kijiji kidogo, umri na ugonjwa adimu vinatosha.

Sheria zimeanza kuzingatia hilo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaongeza Sheria ya Afya ya Kidijitali. Uganda ilikuwa na sheria yake mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, chini ya tume maalumu. Taarifa za afya huwekwa katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa ziada. Sheria huhitaji utendaji: nywila isiyoandikwa ukutani, kishikwambi kisichotumiwa na kituo kizima kwa akaunti moja, na ridhaa ambayo mgonjwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba.

Kutoka jaribio hadi mfumo wa kudumu

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi mipya ya majaribio ya afya kwa simu hadi ipate kibali chake. Miradi ilikuwa mingi, kila mfadhili na programu yake, na haikuwasiliana. Mhudumu mmoja aliweza kuripoti mgonjwa mmoja katika mifumo mitatu. Tangu hapo mkazo wa tafiti umehamia kwenye viwango vya pamoja, namba moja ya utambulisho wa mgonjwa, na gharama za kuendesha mfumo baada ya mfadhili kuondoka: umeme, vifurushi, matengenezo na mishahara ya mafundi.

Ubora wa takwimu nao una dawa iliyojaribiwa. Zanzibar iliendesha warsha za kila robo mwaka ambapo timu za wilaya ziliwasilisha takwimu zao mbele ya wenzao, zikaulizwa maswali, zikatetea namba au kuzikubali kuwa na makosa. Uzoefu huo ulichapishwa mwaka 2012. Makosa yaliyokuwa yakipita kimya yalianza kuonekana, viashiria visivyotumika vikatambuliwa, na fomu zikapunguzwa mzigo. Takwimu zilizidi kuwa bora kwa sababu watu waliozikusanya walianza kuzihitaji katika kazi zao wenyewe. Gharama ya utaratibu huo ni chumba, projekta, nauli za washiriki na siku chache za kazi kila miezi mitatu, na unaweza kuendeshwa na wilaya yoyote ambayo tayari ina DHIS2.